Maji Yaliyopita kwa Moto

Helen, mwanangu, jua la Kisegi huchomoza nyuma ya vilima vya Gwassi, kwa hiyo mwanga hutangulia kule mbali ziwani kabla ya kutukumbuka sisi wa pwani. Huanza na paa za mabati za kisiwa cha Remba, hugusa matanga, hugusa makasia, huja ukitambaa juu ya maji kama mtu anayetafuta viatu vyake kwa mkono. Kisha hufika kwenye omena, dagaa wetu wa ziwani, zilizoanikwa juu ya nyavu kuukuu, na pwani nzima ikang'aa kama imemwagiwa sindano. Mwisho kabisa huingia kwetu, kupitia ufa wa mlango, na kukukuta wewe umelala, mdomo wazi, ngumi imefumbwa.

Una miaka miwili na nusu. Nakusimulia haya ukiwa huyasikii, ili kinywa changu kiyazoee. Utakapokuwa mkubwa nitayasema tena.

Ni habari ya maji. Ni habari ya moto. Ni habari ya nyumba hii, na kwa nini ndani yake hatunywi kabla ya kungoja.

*

Mama yako, Nyasuguta, nilimpata Migori mwaka wa themanini na sita. Nilikuwa nimepeleka magunia ya omena sokoni, jua linachoma, koo limekauka kama ngozi ya ngoma. Kando yangu palikuwa na mama wa Kikisii aliyeuza ndizi, Msabato wa kufa na kuzikwa, jina lake Nyamusi. Nyuma ya ndizi zake alikuwa na sufuria iliyofunikwa. Nikaomba maji.

Akaninyima.

"Ngoja," akasema. "Bado ina moto. Maji si ndugu yako mpaka ipite kwa moto, na ikishapita kwa moto, unaiachia nafasi ipoe."

Nikangoja. Na nilipokuwa nangoja, binti yake akaja na beseni la ndizi kichwani, akaniangalia kama mtu anayeangalia mzigo ulioachwa njiani. Kwa hiyo naweza kusema kwamba nilimpata mama yako kwa sababu ya maji yaliyochelewa kupoa. Mimi sikujua Kikisii, yeye hakujua Kijaluo, tukajenga nyumba yetu katika Kiswahili, lugha ya soko, na mpaka leo ndicho Kiswahili unachosikia jikoni.

Alipoolewa hapa Kisegi alikuja na sufuria kubwa yenye mfuniko. Wanawake wa boma walicheka. Ziwa liko pale, walisema, hatua mia moja kutoka mlangoni. Limewalea babu zetu, limewanywesha ng'ombe, na huyu Mkisii analipika kama nyama. Mama yako hakubishana. Alipuliza moto wake. Maji yakatokota, yakapoa, akayamimina mtungini, akafunika, akasimamisha kikombe kichwa chini juu ya kifuniko.

Mimi pia nilicheka, Helen. Nilicheka kimoyomoyo, nikanywa maji yake nyumbani, na nilipokuwa na wanaume wenzangu ziwani nikainama nje ya mashua na kunywa kwa viganja.

*

Dada yako Monicah alizaliwa themanini na saba. Miaka miwili baadaye akazaliwa Sammy.

Unajua kile kilima kidogo karibu na ua, ambapo dada yako hakuruhusu kuchezea. Pale ndipo alipolala Sammy. Alikuwa kaka yako. Alikuwa na kichwa kikubwa na kicheko cha mtu mzima, na kila jioni alichuchumaa mbele ya moto kusubiri sufuria. Mfuniko ulipoanza kurukaruka, ta-ta-ta-ta, yeye aliusikia kama kuku anayedonoa bati. "Kuku!" alisema. "Kuku!" Basi nyumbani kwetu maji yakichemka tukasema kuku ameamka, na yakiwa bado, kuku amelala. Hata mama yako, mtu asiyependa mzaha wakati wa kazi, alikuwa anauliza kutoka nje: kuku ameamka?

Mwaka wa tisini na moja Nyamusi aliugua. Mama yako akaenda Migori kumtunza, akamchukua Monicah, akaniachia Sammy kwa juma moja. Asubuhi ya safari aliniwekea jerikeni ya manjano, lita tano, maji aliyoyachemsha mwenyewe. Akaniambia ni ya mtoto peke yake. Akaniambia ikiisha nichemshe mengine. Akaweka mkono juu ya kile kichwa kikubwa, akaondoka.

Nilikusudia kukaa nyumbani. Lakini siku ya pili zikaja habari kwamba mbuta, wale samaki wakubwa wa bei, wamejaa upande wa Remba, na mwanamume wa ziwa akisikia hivyo miguu yake huondoka kabla yake. Tena nilitaka kumwonyesha mwanangu kwa wenzangu. Nikambeba Sammy mabegani, nikabeba jerikeni, tukashuka pwani.

Pale pwani tukagundua mtungi wa petroli wa mashua umepasuka. Petroli ipo, chombo hakipo. Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Nikaiona jerikeni ya manjano, safi, ina kifuniko.

Nikayamwaga yale maji mchangani.

Mchanga uliyanywa mara moja. Pakabaki doa jeusi, na kabla mashua haijasukumwa, doa nalo likakauka.

*

Remba ni kisiwa kidogo chenye watu wengi. Nyumba za mabati zimeshikana mabega, redio zinashindana, na ufuo ule ule ndio jikoni, ndio bafu, ndio choo, ndio kisima. Mchana ule Sammy alisema ana kiu. Nikateka maji ya ziwa kwa kikombe cha bati, nikampa.

Hakunywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akachungulia ndani, kisha akaniangalia.

"Kuku?" akaniuliza.

Wenzangu walikuwa wananitazama. Nikacheka. Nikamwambia kuku ameamka zamani, kunywa, mwanaume.

Akaniamini. Akanywa.

Usiku wake tumbo likaanza. Asubuhi alikuwa bado anacheka kidogo. Siku ya tatu hakucheka, na macho yake yalikuwa yamerudi ndani kama watu wanaofunga mlango polepole. Nikamrudisha Kisegi kwa mashua, na jirani yetu Cephas akaleta baiskeli, akaendesha mimi nimekaa nyuma nimempakata, mpaka dispensari, upande wa Magunga. Nesi alijitahidi. Alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, tone baada ya tone, akiniuliza huku anafanya kazi: mtoto alikunywa maji gani?

Nikasema mama yake alimwachia yaliyochemshwa, yakaisha.

Yakaisha. Neno moja. Nimewahi kubeba magunia, nimewahi kubeba majeneza, lakini sijawahi kubeba kitu kizito kama neno lile.

Sammy alifariki kabla ya saa sita mchana, mikononi mwangu.

Mama yako alirudi kutoka Migori akamkuta amefunikwa shuka. Baada ya mazishi aliniuliza mara moja tu, bila kuniangalia: maji niliyokuwachia? Nikamjibu vile vile nilivyomjibu nesi. Akaichukua ile jerikeni pembeni, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akakaa huko muda. Sikuiona tena.

*

Kuanzia juma lile, moto ukawa wangu.

Hakuniagiza mtu. Niliamka nikapanga kuni, nikapiga magoti, nikapuliza. Huku kwetu mwanamume hachezi na mawe ya jikoni. Unajua, au utajua. Wanawake walipita wakageuza nyuso. Wanaume pwani wakasema nimekaliwa chapati, kwamba yule Mkisii amenipa dawa. Cephas peke yake hakusema lolote, kwa sababu yeye ndiye aliyeendesha ile baiskeli.

Nikachemsha. Nikatoka ziwani nikiwa nimechoka, nikachemsha. Nikagombana na mama yako, nikachemsha. Mvua, kiangazi, sikukuu, matanga, nikachemsha. Mtu mwingine angekunywa pombe. Mimi nilipuliza moto, na moshi ulinipa sababu ya macho mekundu.

Dada yako alikuja kuchuchumaa kando yangu. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa Migori: maji si ndugu yako mpaka ipite kwa moto. Mfuniko ukianza kugonga, usiondoe. Acha yatokote, acha yapoe, osha mikono, ndipo umimine. Alijifunza kama mtoto anavyojifunza njia ya shuleni, kwa miguu, bila kufikiri. Akiwa na miaka minane aliwakatalia shangazi zake maji ya kisima mbele ya wageni. Akiwa na miaka tisa alikuwa anabeba chupa yake kwenda shule, akachekwa, akaendelea kubeba.

Lakini nilimpa sheria, Helen. Sababu sikumpa. Aliposikia habari za kaka yake alisikia kwamba Sammy aliumwa tumbo. Ile jerikeni niliiacha nje ya hadithi, na neno "kuku" halikutamkwa tena nyumbani kwetu, isipokuwa kwa kuku wenyewe.

*

Wewe ulizaliwa Machi, mwaka wa tisini na saba. Mwisho wa mwaka ule ikaja mvua ambayo redioni waliiita Elnino. Sijui niseme nini juu ya mvua ile. Ilinyesha kama mtu anayedai. Ilizoa mashamba ikayaweka ziwani, ilizoa vyoo ikaviweka visimani, ikakata barabara ya Magunga mara mbili. Na nyuma yake kikaja kipindupindu. Kilianzia visiwani, kikavuka na mashua, kikabisha hodi Kisegi. Boma la tatu kutoka letu lilizika mama na mwana siku moja.

Ikafika siku mvua yenyewe ikasita, lakini jua halikutoka. Ukungu ulikaa juu ya kila kitu. Kuni zote zililowa mpaka kwenye kiini. Ukizitia motoni zinalia, zinatoa povu, zinazimika. Mwuza makaa hakuweza kuvuka barabara. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha madukani. Mama yako alikuwa kitandani na malaria, maziwa yamempungua, na wewe, miezi minane, ulikuwa unalia kilio kikavu ambacho nilikuwa nimeshakisikia.

Mtungi ulikuwa mtupu tangu asubuhi. Palikuwa na ndoo moja tu, ya maji ya ziwa.

Nilikuwa nimezunguka maboma manne kutafuta kuni kavu, nikarudi mikono mitupu, matope mpaka magotini. Nikasimama mlangoni. Nikasikia sauti yangu ikisema, na bado siamini kwamba ilikuwa yangu: leo tu. Tumpe mtoto hivyo hivyo, kidogo, alowanishe mdomo. Ni siku moja.

Monicah alinitazama. Alikuwa na miaka kumi.

"Baba," akasema, "hii haijapita kwa moto."

Nikamwambia najua. Nikamwambia naye ana macho, aniambie moto uko wapi. Nikachukua kikombe, nikainama juu ya ndoo. Yeye akatoka.

Kisha nikasikia shoka.

Ngoja nikueleze juu ya kiti. Baba yangu, babu yako, alikuwa na kiti kilichochongwa kutoka gogo moja, miguu minne mifupi, kalio lake limelainishwa na miaka. Watoto hatukukikalia. Hata yeye akiwa safarini tulikipita kwa mbali, kama mtu. Alipofariki wazee walikikabidhi kwangu mbele ya ukoo wote, na hapo nikawa mwenye boma. Nilikikalia nikila, nikipokea wageni, nikisuluhisha ugomvi. Kilikaa ndani karibu na ukuta, mbali na mvua, na baada ya miaka arobaini kilikuwa kitu kikavu kuliko vyote Kisegi.

Nikatoka mbio. Kiti kilikuwa kimelala ubavu uani, mguu mmoja umeshapasuliwa, na dada yako amepiga magoti, shoka juu. Nikainua mkono. Nilikuwa na hasira ya baba yangu na ya baba yake.

Hakukimbia. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini shoka hakuliacha.

"Utanichapa baadaye, Baba," akasema. "Wacha ichemke kwanza."

*

Mkono wangu ulishuka. Sikuushusha mimi.

Nikapiga magoti kando yake. Nikamwomba shoka. Mguu wa pili niliupasua mwenyewe, na wa tatu, na wa nne, na kalio nikaligawa vipande vinne. Tukaviingiza ndani kwa mikono miwili kama watu wanaobeba mtoto. Moto ukashika bila kubembelezwa. Moshi wake ulinuka tumbaku na mafuta ya samaki na mwili wa mzee, na kwa kitambo nilimsikia baba yangu akiwa ndani ya nyumba, nikangoja anitukane. Sikusikia tusi. Nilisikia ukuni ukipasuka.

Tulikaa chini sakafuni, mimi na dada yako, na wewe mapajani mwangu. Mfuniko ukaanza. Ta-ta-ta-ta.

"Kuku ameamka," nikasema.

Monicah akaniuliza kuku gani.

Ndipo nikamwambia. Nikamwambia yote, nikiangalia moto. Juma lile la Migori, mbuta wa Remba, mtungi uliopasuka, jerikeni ya manjano, mchanga ulionywa. Nikamwambia jinsi kaka yake alivyoshika kikombe kwa mikono miwili, akauliza swali lake la neno moja, na mimi nikamdanganya kwa sababu wanaume walikuwa wananitazama. Nikamwambia nilivyomjibu nesi, na nilivyomjibu mama yake. Nilipomaliza sikuweza kuinua kichwa.

Sauti ikaja kutoka kitandani, nyembamba kwa homa.

"Najua, Baba Monicah. Jerikeni ilirudi na harufu ya petroli."

Miaka sita, Helen. Miaka sita alikuwa amelala kando yangu na harufu ile.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema siku nyingi alitaka kusema, siku nyingine alikuwa ameshafungua mdomo. Halafu ananiona nimepiga magoti, napuliza moto, majivu kwenye ndevu, ananyamaza. Kisha akageukia ukutani akalia, na hakutaka nimguse. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Mpaka leo hajaniambia. Lakini siku aliyopona alikuja jikoni akaketi kando yangu, akauliza kutoka palepale, bila kuniangalia: kuku ameamka? Na mimi nikajibu.

*

Maji yalitokota. Tukayaacha yapoe. Ulilia, nasi tukangoja, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko mvua yote. Monicah aliosha mikono, akamimina, akapuliza kijiko, akakipeleka mdomoni mwako. Ulikunja uso kwa ajili ya ladha ya moshi. Kisha ukafungua mdomo tena.

Mama yako alikunywa. Dada yako alikunywa. Mwisho akanijazia kikombe mimi, akakishika mpaka alipoona nimekishika vizuri.

Sikumchapa.

Asubuhi yake Cephas alikuja kuomba moto, na makaa ya kile kiti yakavuka ua yakaingia kwake, na kutoka kwake yakaingia boma jingine. Sisemi kwamba kiti kilituokoa. Walikuwepo waliochemsha wakaugua, walikuwepo wasiochemsha wakapona. Mimi si daktari. Nasema tu kwamba kipindupindu kilipita mlangoni petu hakikuingia, na kwamba nilichodhani nimekishika peke yangu kwa miaka sita, mtoto wa miaka kumi alikuwa amekishika kwa nguvu kunishinda.

*

Mwezi wa pili barabara ilipofunguka, alikuja Mzee Obiero, mdogo wa babu yako, yule anayekubeba na kukupigia mluzi. Aliingia, akasalimu, akatazama ukutani. Akatazama tena.

"Elkana," akaniita, "kiti cha ndugu yangu kiko wapi?"

"Tulikinywa, Baba," nikamwambia.

Uso wake ulibadilika. Alidhani nimekiuza, nikanywea pombe ya chang'aa. Akashika fimbo yake kusimama, na nina hakika angeondoka na ukoo mzima ungesikia. Lakini Monicah alikuwa ameshafika mbele yake na birika la kunawa na kikombe cha maji, amepiga goti kwa heshima, na kwa heshima ile ile akamsimulia mzee kila kitu, tangu shoka mpaka kijiko. Habari ya Sammy aliiacha. Ile nikaisema mimi.

Mzee Obiero aliweka fimbo chini. Akanawa mikono. Akanywa maji yote. Akaondoka bila kuaga, nami nikahesabu nimempoteza.

Alirudi baada ya juma moja, anasukuma baiskeli kutoka upande wa Magunga, jasho linamtoka, amefunga nyuma mzigo mkubwa wa kuni kavu. Alikataa kusaidiwa. Aliubeba mwenyewe mpaka ndani, akauegemeza ukutani palepale kilipokuwa kiti, akapangusa mikono, akaketi na sisi chini kwenye mkeka.